Kutoka Samuye hadi Ukara: Magati, Mialo na Kumbukumbu za Ziwa Victoria

Mwanza ndio mji wa pwani wa watu wa Shinyanga na Geita. Bahari ya Hindi iko mbali, lakini Ziwa Victoria hufikiwa na basi la asubuhi kutoka Samuye kabla ya chakula cha mchana, na huko kuna karibu yote ambayo mwenyeji wa Tanga au Kilwa angeyatarajia pwani: bandari, meli zenye ratiba, wavuvi wa usiku, soko la samaki na makaburi ya waliozama. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800 na liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kina chake cha juu ni kama mita 80 tu, kidogo kwa maji yenye upana wa namna hiyo, na upepo ukivuma mawimbi hupanda upesi.

Historia ya mwambao huu haimo sana katika majumba. Imo mahali ambapo watu hupanda na kushuka vyomboni: gati, kivuko, mwalo. Boma la Wajerumani, vilima vya miamba na nyumba za zamani vinastahili kutazamwa, lakini anayetaka kuelewa kwa nini mji upo na umempitia nani, na afuate magati kwa mpangilio wa safari, kuanzia barabarani hadi visiwani.

Samuye ni kata ya Shinyanga Vijijini, kwenye barabara kuu inayotoka Tinde kwenda Shinyanga mjini. Ni nchi ya mbuga, ya mpunga, pamba, mtama na ng'ombe, na mgeni akipita haraka anaweza kudhani haina uhusiano wowote na meli. Uhusiano upo, tena wa zamani. John Hanning Speke alipoondoka Kazeh, Tabora ya leo, Julai 1858, akimwacha mwenzake Richard Burton mgonjwa, njia yake kwenda kaskazini ilikata nchi ya Wasukuma na kupita Salawe, ambayo leo, kama Samuye, ni kata ya Shinyanga Vijijini. Msafara wake uliongozwa kwa kiasi kikubwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akafikishwa India, kisha akarudi Afrika akiwa mtu huru. Tarehe 3 Agosti 1858 walifika Mwanza, Speke akalipa ziwa jina la malkia wa Uingereza. Wenyeji waliokuwa wakivua na kuvuka katika maji hayo tangu enzi za mababu waliendelea kuliita Nyanza, na jina hilo linatumika hadi leo.

Siku hizi ziwa limewafuata watu wa Shinyanga nyumbani. Mwaka 2009 maji yaliyovutwa kwa bomba kutoka Ihelele, Wilaya ya Misungwi, yalifika Kahama na Shinyanga, na baadaye mabomba yakaendelea hadi Nzega, Igunga, Tabora na upande wa Tinde. Kwa hiyo msafiri wa leo huweza kujaza chupa yake maji ya ziwa kabla hajaliona.

Kutoka Shinyanga mjini hadi Mwanza ni kilomita zipatazo 160 za lami. Basi hupita Maganzo, pembeni mwa mgodi wa almasi wa Mwadui ulioanzishwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940, kisha Mwigumbi, Mabuki na Misungwi. Kadiri gari linavyokwenda, tambarare huanza kutoa mawe, kwanza moja moja, halafu marundo, mpaka miamba mikubwa inabebana juu ya vilima. Usagara ndipo njia zinapogawanyika. Kulia ni Mwanza mjini. Kushoto ni Kigongo, ng'ambo yake Busisi, halafu Sengerema na Geita kwenye dhahabu.

Kigongo panastahili kusimama hata kwa asiyekwenda Geita. Hapa Ghuba ya Mwanza, mkono mrefu wa ziwa ulioingia nchi kavu kuelekea kusini, hukata barabara kuu. Kwa miaka mingi kila lori la mgodini, kila basi la Bukoba na kila gari la wagonjwa lilisubiri pantoni. Kuvuka kwenyewe hakukuzidi nusu saa; kusubiri ndiko kulikokula siku. Foleni ilizaa soko lake: wauza samaki wa kukaanga, mayai ya kuchemsha, karanga, mahindi ya kuchoma, maji na vocha, waliokimbia kando ya madirisha ya mabasi na kujua kwa sekunde ni abiria yupi atanunua. Mzigo mzito zaidi wa foleni hiyo waliubeba wagonjwa waliokuwa wakipelekwa Hospitali ya Bugando, kilimani Mwanza. Usiku pantoni zikishalala, mgonjwa wa upande wa Sengerema alikuwa na maji mbele yake na hospitali ng'ambo.

Jiwe la msingi la daraja liliwekwa Desemba 2019 na Rais John Magufuli, mtu wa Chato, aliyekuwa ameivuka ghuba hiyo maisha yake yote. Alifariki Machi 2021, kabla nguzo hazijakamilika, na daraja likapewa jina lake. Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua tarehe 19 Juni 2025. Lina urefu wa kilomita 3 na upana wa mita 28.45, na ndilo refu kuliko yote Afrika Mashariki na Kati. Gari hulivuka kwa dakika chache. Sifa zote zinazotolewa kwa daraja hili ni za haki. Hata hivyo mwandishi wa masimulizi haya anaona kwamba njia za zege zilizoteremka majini pande zote mbili, pale pantoni zilipokuwa zikishusha mlango wake wa chuma, zingehifadhiwa na kuwekewa maandishi. Ni vigumu kupata jengo mkoani Mwanza lililokanyagwa na watu wengi wa maisha ya kawaida kuliko miteremko ile.

Mwanza mjini hufikiwa kwa kupita Buhongwa, Mkolani na Nyegezi, ambako mabasi makubwa huishia. Mji ulianza kama kituo cha Wajerumani mwaka 1892. Kilichoukuza ni hesabu ya usafirishaji. Reli ya Uganda kutoka Mombasa ilipogusa ziwa mwaka 1901, mahali panapoitwa Kisumu sasa, ngozi na mazao ya Usukuma yalipata njia fupi ya kwenda baharini kwa meli hadi Kisumu na kwa treni hadi Mombasa. Ajabu ya wakati ule ni kwamba koloni la Kijerumani lilipitisha mali yake katika reli ya Waingereza. Julai 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Uingereza yalishuka kutoka ziwani na kuuteka mji. Reli ya Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, ikipita Shinyanga, ndipo pamba ya Usukuma ikapata njia yake yenyewe ya kwenda Dar es Salaam, na bandari ya Mwanza ikawa mahali ambapo treni na meli hukutana.

Kukutana huko si maneno tu. Katika Bandari ya Mwanza Kusini reli inaendelea hadi ukingoni mwa gati, inaishia hewani, na kuanza tena ndani ya meli. MV Umoja, moja ya meli mbili za mabehewa zilizoundwa miaka ya 1960 (nyingine ni Uhuru ya upande wa Kenya), ina njia za reli sitahani. Meli husogezwa kinyumenyume, reli za nchi kavu na za chomboni zikalinganishwa, halafu injini ya treni husukuma mabehewa ndani moja baada ya jingine, huku chombo kikizama taratibu kwa kila behewa. Ng'ambo, Port Bell au Kisumu, mabehewa hayohayo hutoka na kuendelea na safari bila gunia kuguswa. Ni ufundi wa enzi ambapo nchi tatu zilikuwa na shirika moja la reli na bandari, na unaeleza maana ya jumuiya vizuri kuliko hotuba nyingi.

Bandari hiyohiyo ndipo ilipoundwa MV Mwanza, meli kubwa kuliko zote zilizowahi kuelea katika ziwa hili upande wa Tanzania. Ina urefu wa mita 92.6 na upana wa mita 17, na imekusudiwa kubeba abiria 1,200, tani 400 za mizigo na magari. Ilishushwa majini kwa mara ya kwanza tarehe 12 Februari 2023. Kampuni kutoka Korea Kusini iliongoza kazi, na mafundi wa Kitanzania wakachomelea mabati usiku na mchana. Jirani yake kwa hadhi ni MV Victoria, iliyoundwa Scotland na kuanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baada ya miaka mingi ya safari za Bukoba na Kemondo, ilisimama, ikafanyiwa ukarabati mkubwa, na kurudi majini mwaka 2020.

Katikati ya mji, mwambao ni mfupi na hutembelewa kwa miguu. Kivuko cha Kamanga hubeba magari na abiria kwenda upande wa Sengerema, na saa ya asubuhi hufurika watu wenye matenga ya nyanya, kuku na ndizi. Karibu na hapo yako mawe ya Bismarck, mwamba uliosimama juu ya mwamba majini, uliopewa jina la kansela wa Ujerumani na kugeuka alama ya jiji zima. Picha yake huuzwa kila mahali. Kwa kweli mawe yenyewe yana uzuri usiohitaji jina la kansela. Kutoka Capri Point boti ndogo huvuka kwa dakika chache hadi Kisiwa cha Saanane, kilichofanywa bustani ya wanyama mwaka 1964 na kupandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Kinaitwa kwa jina la Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyeishi hapo kabla ya serikali kukichukua. Hifadhi za taifa zenye jina la mvuvi wa kawaida ni chache mno, na watoto wa shule wanaopelekwa huko wangepaswa kuambiwa habari zake kabla ya kuonyeshwa wanyama.

Kutoka hapo, Mwaloni Kirumba ni mwendo mfupi kwa daladala. Huu ni mwalo na soko la kimataifa la samaki wakavu, na kwa jicho la mwandishi ndio mahali penye uhai kuliko pote katika mwambao wa mji. Mitumbwi mikubwa ya mbao yenye injini hufika kutoka visiwani ikiwa imejaa magunia ya dagaa hadi juu ya ubavu. Wabebaji huingia majini hadi kiunoni, gunia likawekwa begani, wakapanda nalo ukingoni kwa hatua fupi za haraka, huku karani akihesabu kwa kalamu na daftari lililolowa pembeni. Wanunuzi hutoka Kongo, Rwanda, Burundi na Kenya, na mwenye gunia huwa anajua bei ya Goma na ya Bujumbura kabla hajafungua kinywa.

Dagaa huvuliwa gizani. Wavuvi hutoka jioni na taa, zamani karabai za mafuta, sasa zaidi taa za betri na za nguvu ya jua, wakaziacha zielee na kuvuta samaki kwenye mwanga, kisha wavu ukazungushwa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hupotea, na wavuvi hukaa nchi kavu kushona nyavu na kukarabati vyombo. Siku hizo ndizo nzuri kwa mgeni anayetaka kuona mtumbwi ukikalafatiwa. Fundi husokota pamba kati ya viganja, akaipitisha kwenye mwanya kati ya mbao mbili, akaigongelea ndani kwa patasi butu na nyundo nyepesi, akasikiliza mlio. Mwanya ukishashiba mlio hubadilika, naye husogea mbele. Msafiri wa kutoka nchi ya pamba hana budi kuitazama kazi hiyo kwa heshima, kwani kilichoota kwenye mashamba ya Usukuma ndicho kinachozuia maji yasiingie mtumbwini.

Samaki wengine wa mwambao huu ni sato na sangara. Sangara hakuwa wa ziwa hili. Aliingizwa katika miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka kupita kiasi, akamaliza aina nyingi za furu waliokuwa kitoweo cha kila nyumba. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza na mnofu ukaanza kupanda ndege kwenda Ulaya. Leo hata mabondo yake yana wanunuzi wa mbali. Mialo yote imebadilishwa na samaki huyo mmoja.

Mashariki ya mji, kwenye barabara ya Musoma, kuna Igoma. Mabasi hupita, na wengi hawashuki. Hapo wamezikwa waliokufa katika MV Bukoba. Meli hiyo, iliyoanza kazi mwaka 1979, ilipinduka alfajiri ya tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza kutoka Bukoba na Kemondo. Ilikuwa na nafasi ya abiria 430. Waliokufa walizidi 800. Kwa saa kadhaa ilielea kichwa chini, watu wakisikika wakigonga ndani ya bati, kisha ikazama. Hakuna ukoo wa Kagera usiojua mtu aliyekuwamo, na Wasukuma wengi wanao wao pia. Katika orodha yoyote ya mahali pa kihistoria pa Mwanza, Igoma iwe ya kwanza. Mtalii hupelekwa kwenye mawe ya kansela ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Raia wa nchi hii mamia kwa mamia wamelala kilomita chache tu kutoka hapo, na makaburi yao yanastahili njia safi, kivuli, na majina yanayosomeka.

Mbele zaidi, kupita Kisesa ambako padri Mkanada David Clement alianzisha Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, barabara huendelea ndani ya Wilaya ya Magu. Huko, ukingoni mwa ziwa, kuna Kageye. Ni kijiji tulivu chenye uzito mkubwa. Misafara ya wafanyabiashara kutoka Tabora iliishia hapa, na watumwa walioletwa kutoka ng'ambo ya ziwa walishushwa hapa kabla ya kutembezwa kwenda pwani ya Bahari ya Hindi. Henry Morton Stanley alifika mwishoni mwa Februari 1875 kutoka Bagamoyo. Wapagazi wake walikuwa wamebeba mashua ya Lady Alice vipande vipande, mbao za mwerezi begani, kupitia nyika na njaa. Mashua iliunganishwa Kageye, na tarehe 8 Machi Stanley na wachache wake wakaondoka kulizunguka ziwa lote. Walirudi mwanzoni mwa Mei na kukuta Frederick Barker, kijana Mwingereza aliyeachwa kambini, ameshafariki. Mapadri wa White Fathers walifika Kageye mwishoni mwa 1878. Siméon Lourdel na Bruda Amans walitangulia kwa mtumbwi kwenda Buganda, wakatia nanga Kigungu, Entebbe, tarehe 17 Februari 1879. Ukatoliki wa Uganda, kwa hiyo, ulipanda chombo Usukumani. Uganda wamejenga kanisa la kumbukumbu pale mapadri waliposhuka. Pale walipopandia hakuna kinacholingana nalo.

Safari ya visiwani huanza Bandari ya Mwanza Kaskazini, kwa meli ya Nansio, Ukerewe, mwendo wa saa tatu hivi. Ukerewe ni kisiwa kikubwa chenye machungwa, mihogo na watu wengi. Mwaka 1877, wakati wa Mtemi Lukonge, Songoro, mfanyabiashara wa pwani aliyekuwa akiunda jahazi hapo, aliuawa pamoja na wamisionari wawili wa Kianglikana, Shergold Smith na O'Neill, katika ugomvi uliohusu chombo na mbao zake. Lakini jina la Ukerewe lilivushwa mbali zaidi na mwenyeji wake, Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Aliandika kwa Kikerewe riwaya ya Myombekere na Bugonoka, akaikamilisha mwaka 1945, akasubiri miaka thelathini na mitano hadi tafsiri yake mwenyewe ya Kiswahili ilipochapishwa mwaka 1980. Alifariki mwaka uliofuata. Mitumbwi, mitego na namna ya kupokea mgeni anayeshuka mwaloni vimeelezwa humo kwa undani ambao hakuna mgeni aliyewahi kuufikia.

Kutoka mwalo wa Bugolora, kaskazini mwa Ukerewe, kivuko huvuka hadi Bwisya katika Kisiwa cha Ukara. Ukara ni kidogo na kina watu wengi sana, na wakulima wake wanajulikana kwa kufugia ng'ombe bandani na kurudisha samadi yote shambani, kwa kuwa hawana ardhi ya kupumzisha. Alhamisi tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio Bugolora, MV Nyerere ilipinduka ikiwa imebakiza makumi ya mita tu kufika Bwisya. Ilisajiliwa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Wavuvi wa Bwisya ndio waliokuwa wa kwanza kuingia majini kwa mitumbwi yao, na ndio waliookoa wengi wa waliopona. Baadhi ya marehemu wamezikwa pamoja hapohapo, karibu na gati, na kila anayeshuka Ukara hupita kando yao. Tangu hapo ukaguzi umekazwa: Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, husimamia usajili na usalama wa vyombo, abiria huandikwa majina, na jaketi okozi hutakiwa hata kwenye mitumbwi. Kwenye mialo midogo utekelezaji bado hutegemea nahodha na siku. Abiria mwenye haki ya kuuliza idadi ya watu kabla ya kupanda aitumie haki hiyo.

Anayetoka Ukerewe si lazima arudi kwa meli ya Nansio. Kivuko cha Rugezi huvusha magari na watu hadi Kisorya katika bara, mwendo mfupi, na kutoka hapo kuna barabara ya Bunda inayoungana na barabara kuu ya Mwanza na Musoma.